Drocella, mkusanyaji wa vinyesi anayetaka woga ueleweke

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Drocella Uwamwezi anabisha mlango wa tatu kijijini Burungu, Masisi, mashariki mwa Kongo. Begani ana kisanduku cha barafu. Ndani mna vikopo vyenye namba badala ya majina.

"Papa Sebarenzi, kikopo iko tayari?"

"Haiko," mzee anajibu kutoka ndani. "Na haitakuwa."

Drocella, 43, ni mkulima wa viazi na mhudumu wa afya wa kujitolea, asiye na mshahara. Tangu Februari anakusanya vinyesi vya wanakijiji kwa watafiti wanaouliza kama bakteria wa tumboni wana uhusiano na namna mtu anavyojifunza kuogopa.

Kwenye kituo cha afya, kila mshiriki huonyeshwa picha mbili. Moja hufuatwa na kelele kali; nyingine haifuatwi na kitu. Waya vidoleni hupima jasho. Kisha kelele huondolewa, na watafiti hutazama woga unachukua muda gani kupoa.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeleta kikopo. Ilisemekana vinapelekwa kwa wachawi.

Drocella hakubishana. Jumapili, baada ya misa, aliweka kikopo chake mwenyewe kisandukuni mbele ya watu wote.

"Wamama walicheka sana," anasema. "Kesho yake, sita walileta."

Ana sababu yake. Miaka mitatu iliyopita risasi zililia sokoni, naye alikuwa na binti yake mgongoni. Walipona wote wawili.

"Lakini mpaka leo, upepo ikipiga mulango, ninakimbilia choo. Tumbo yangu njo inaanza kuogopa. Kichwa inafuata nyuma."

Je, tumbo ndilo chanzo? Patient Ngabo, fundi wa maabara anayepokea vikopo, hataki kuharakisha jibu. "Inaweza kuwa bakteria, ao woga wenyewe njo unabadilisha bakteria, ao chakula tu. Bado hatujui."

Mlango wa Sebarenzi unafunguka. Mzee anachungulia nje.

"Nikitoa, mutanipa dawa ya woga?"

"Dawa haiko, Papa. Wanatafuta kujua tu."

"Wengine walipita hapa, wakatuahidi kila kitu. Weye unasema haiko." Ananyoosha mkono. "Lete kikopo ingine. Urudi kesho."

Kati ya washiriki arobaini, atakuwa wa thelathini na nne.

Waliobaki wanaishi juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Drocella anafunga kisanduku na kusema anachokitaka kazi ikiisha: watafiti warudi Burungu, wasimame uwanjani mwa kanisa, waeleze matokeo kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Tayari ameandika ombi hilo na kumkabidhi Patient.

"Hata kama hawakupata kitu," anasema, "warudi watuambie hawakupata."