Nimefagia dhahabu ya Mzee Salumu

Jamani, leo nimetupa dhahabu ya mutu kwa mtaro!

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kwa Mzee Salumu, sonara wa hapa Nyakabiga. Munajua mi nilitaka shule ya bijou, ya kutengeneza mapambo ya dhahabu, huko Ulaya, ila vita imefunga njia. Nikasema nijifunze kwake nikingojea.

Ameenda kuswali, mi nikafagia chini ya meza yake. Vumbi yote nje, kwa mtaro!

Akarudi. "Vumbi yangu iko wapi?"

Kumbe sonara hatupi vumbi. Anaichoma, chenga za dhahabu zinabaki.

Nikalia. Nikabeba sakoshi yangu ya begani niende.

"Apana, binti." Akanifuata nje, akakunja kanzu, akapiga magoti mtaroni pembeni yangu.

"Utalia kesho, hapa hapa kazini. Leo tuokote."

Sasa niambieni: bado niingojee ile shule?