Vazi Lililopigwa Pasi

Baba yangu ni dobi. Amefua nguo za watu miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita magoti. Ukimuuliza sababu atakujibu kwamba maji ni kama mfanyakazi mwenzako: mnaheshimiana kazini, jioni kila mtu na kwake.

Kwa hiyo siku mdogo wangu alipoleta barua ya jeshi la wanamaji, nyumba nzima ilimtazama Baba. Mdogo wangu ni binti, kitindamimba, nasi tunamwita Kitinda. Tangu alipoifungua ile mashine ya kukamulia nguo na kuirudisha inanguruma vizuri kuliko ilivyotoka dukani, alikuwa na neno moja tu mdomoni: injini za meli. Alikuwa ameshavuka mbio, vipimo vya afya na mtihani wa ufundi. Barua ilikuwa inasema kilichobaki.

Nilimsomea Baba akiwa mezani kwake, pasi mkononi, shati la mteja limelala kifudifudi juu ya blanketi. Kuogelea mita hamsini bila kusimama wala kushika ukuta. Kisha kuelea dakika tano. Atakayeshindwa hatarudia.

"Soma tena hapo mwisho," alisema.

"Atakayeshindwa hatarudia."

Akaiweka pasi kwenye kikalio chake. "Kitinda, unajua kuogelea?"

"Sijui, Baba."

"Hata kidogo?"

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa naelea kwenye birika lako la kusuuzia."

"Birika lile maji yake hayamfiki mbuzi tumboni." Alikuna kidevu. "Tuna muda gani?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili," alisema, akaichukua tena pasi. "Haya. Nimeshatoa madoa magumu kuliko hilo."

Mama, ambaye alikuwa anashona vifungo kwenye cherehani yake pale dirishani, aliguna. Kwa Mama, kuguna ni hotuba. Lakini siku iliyofuata ndiye aliyetoka kwenda kutafuta vazi la kuogelea, maana barua ilitaka la kipande kimoja, la rangi ya giza, lisilo na mapambo, na ilisema wazi kwamba kaptula na fulana havitakubaliwa. Kitinda ni mrefu kama mlingoti. Duka la vifaa vya michezo lilikuwa na mavazi ya watoto tu. Mama alichambua marobota ya mitumba wiki tatu ndipo akalipata moja la bluu iliyoiva, likamkaa Kitinda kama ngozi yake mwenyewe. Alirudi nalo amelikumbatia.

Bwawa alilitafuta Baba. Hoteli ambayo tunafua mashuka yake ina bwawa dogo nyuma, chini ya vyumba vya ghorofani. Mkuu wa usafi wa vyumba, mwanamke tunayemwita Mama Vyumba, si mtu wa kuombwa ovyo. Hucheka mara moja kwa msimu. Baba alivaa shati lake jeupe, akaenda. Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa nimebeba nusu ya mashuka.

"Miaka yote hii nimekupotezea foronya ngapi?" alimuuliza.

"Hujanipotezea hata moja."

"Basi leo naomba kitu."

Mama Vyumba alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa. Akasema msichana anaweza kuja alfajiri, kabla wageni hawajaamka, na atoke jua likigonga ngazi. "Na akizama," aliongeza, "usiniletee maneno, maana kukataa nimetamani lakini umenifunga mdomo kwa foronya."

Aliyemfundisha ni mfagiaji wa bwawa, kijeba mmoja mwenye macho mekundu daima, ambaye hoteli nzima wanamwita Klorini. Klorini alikuwa anamwambia, "Dada, maji hayana ugomvi na wewe, wewe ndiye unayeyapiga makofi." Na Baba alikuwepo kila alfajiri. Alikuja na ule mti mrefu anaoinulia kamba za kuanikia, akawa anatembea ukingoni sambamba na Kitinda, ncha ya mti ikiwa shubiri moja mbele ya mkono wake, ili akichoka adake. Wiki ya kwanza Kitinda aliudaka kila baada ya mikono mitatu. Fundi viatu wa mkabala na kwetu alipopata habari alipiga kelele kutoka kibandani kwake, "Dobi! Umechoka kuanika nguo, sasa unalowesha watoto?"

"Wewe shona soli," Baba alimjibu. "Siku mwanangu atakapopita na meli utampungia kiatu."

Wiki ya sita Kitinda alikwenda na kurudi mara mbili bila kuugusa mti. Klorini alipiga mwiko wake wa kukusanyia majani chini kwa furaha. Baba aliutua mti, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta uso kwa taulo la hoteli, kisha akalinusa na kusema hili halikusuuzwa vizuri.

Mtihani ulikuwa Jumamosi saa moja asubuhi. Ijumaa mchana Kitinda alikuwa amekwenda kunyoa nywele. Mimi na Mama tulikuwa tunakunja mashuka ya hoteli ambayo yalitakiwa kupelekwa kesho yake. Baba alikuwa mezani kwake akiimba kwa mluzi, jambo ambalo hulifanya tu anapopiga pasi nguo ya harusi.

Lazima nieleze kuhusu Baba na pasi. Kwake, nguo ambayo haikupita chini ya pasi ni tambara. Anapiga pasi soksi. Anapiga pasi vitambaa vya kufutia vumbi. Nilipokwenda chuo kikuu alinipigia pasi begi. Kwa hiyo mluzi ule ulipaswa kutustua, lakini haukutustua. Kitinda ndiye aliyeingia, kichwa kinang'aa, akasimama mlangoni na kuuliza, "Baba, hicho ni nini?"

Juu ya meza, limesimama lenyewe kama ubao wa tangazo, lilikuwa vazi la kuogelea.

"Nimelitia wanga kidogo," Baba alisema. "Kesho utasimama mbele ya maafisa, mama. Usionekane umeokotwa."

Kitinda alicheka. Alilishika, kifua cha vazi kikalia kwa ukavu. Kisha akavuta ile sehemu ya mguu, na cheko likamkauka. Alivuta ikavutika, akaachia isirudi. Akajaribu mkanda wa bega. Nao ukabaki umening'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Wanga ungetoka kwa maji. Mpira uliokaangwa na pasi haufufuki.

"Mzee wangu," Mama alisema polepole, "umepiga pasi nguo ya mpira?"

"Niliweka kitambaa juu yake."

"Ulijua ina mpira?"

"Nilijua ni ya mwanangu," Baba alisema, na hapo sauti yake ikakatika.

Kitinda alijaribu kulivaa. Alitoka nyuma ya pazia ameshika mapaja yote mawili kwa mikono. Mtu hawezi kuogelea mita hamsini akiwa ameshika nguo. Hakupiga kelele, alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, machozi yakamtoka tu yenyewe. Nami nilikuwa nawaza yale ambayo kila mtu alikuwa anawaza: wiki tatu za mitumba, na saa zilizobaki hazifiki ishirini.

Baba alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono imemlegea magotini. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku karai la maji ya moto lilipommwagikia mguuni. Macho yake yalikuwa yanazunguka chumbani, kwenye kamba, kwenye makapu, mpaka yakatua juu ya rundo la mashuka ya hoteli. Mashuka yale ni ya kisasa, yenye mpira kwenye pembe ili yabane godoro.

Akasimama. Akachukua wembe kwenye kidebe cha vifungo, akavuta shuka moja.

"Hilo ni la watu," Mama alisema.

"Najua ni la watu."

"Umekaa miaka ishirini na miwili..."

"Najua nimekaa miaka mingapi, mke wangu. Nishikie hapa."

Mama hakushika mara moja. Alimtazama Kitinda pale chini, akamtazama Baba, akaguna. Na safari hii lilikuwa guno la aina nyingine. Akashika. Baba alifumua mshono uzi kwa uzi, bila kuchana kitambaa, akautoa mpira mzima mzima kama anayetoa mwiba. Mama akausuuza ule wanga kwenye vazi, akalikamua ndani ya taulo, akaketi kwenye cherehani. Yeye ndiye aliyejua kwamba mpira hushonwa ukiwa umevutwa, la sivyo uzi hukatika mtu akipiga teke la kwanza. Baba alivuta upande mmoja, mimi nikavuta upande mwingine, Mama akapitisha sindano katikati yetu, akitukaripia wote wawili.

"Usilegeze! Msomi, vitabu vimekula nguvu zako? Vuta!"

Mikanda ilipokwisha, Kitinda alilivaa, akatoka uani, akaruka ndani ya birika la kusuuzia. Alipiga mateke mpaka maji yakaruka ukuta wa jirani. Fundi viatu akauliza huko nje mvua imetoka wapi. Kitinda alisimama, akavuta mguuni, akaachia. Mpira ukamchapa paja. "Unarudi!" alisema. Baba akaingia ndani haraka, akidai kuna kitu anaunguza. Pasi ilikuwa imezimwa zamani.

Bwawa la mtihani lilikuwa kubwa, la manispaa, limezungushiwa waya, na wazazi waliwekwa nje ya waya. Afisa aliyesimamia alikuwa mwanamke mwenye sare nyeupe na saa ya kupimia muda shingoni.

"Tazama kola ile," Baba alininong'oneza. "Aliyeipiga pasi alianzia katikati. Huanzwa pembeni."

"Baba, wanaingia majini."

Akageuka mara moja, akalipa bwawa mgongo. Akakazia macho nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya jengo la mkabala. "Nisomee," alisema. "Kama unavyonisomea barua."

"Wako sita. Yeye ni wa nne."

"Kitu kimekatika?"

"Hakijakatika. Anakwenda."

"Kafika wapi?"

"Nusu. Mmoja amesimama. Si yeye. Wa tano amesimama."

"Masikini mwana wa mwenzangu. Yeye?"

"Anakwenda, Baba. Amepunguza mwendo." Niliona mkono wa Baba ukiinuka na kunyooka mbele, umefumbata hewa kana kwamba ni ule mti, unatembea pamoja na Kitinda. "Zimebaki kama mita kumi. Amekunywa maji. Anakohoa."

"Anasimama?"

"Hasimami."

Mama alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote. Ndiye aliyepiga yowe, tena yowe lisilo na neno ndani yake, na hapo Baba akajua kwamba ukuta umeguswa.

Kuelea ndiko alikokuangalia. Aligeuka taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Kitinda alikuwa amelala chali katikati ya bwawa, masikio ndani ya maji, mikono imetandazwa, macho juu. Hakuna alichokuwa anakifanya. Dakika tano nzima binti wa dobi hakufanya kazi yoyote, na maji yakambeba.

"Kumbe yanabeba," Baba alisema.

Waliopita walisomwa majina, na la Kitinda lilikuwa la pili. Wangeondoka baada ya siku tisa.

Tulipotoka pale Mama na Kitinda walikwenda nyumbani. Baba alinichukua mimi, tukapitia mashuka, tukaenda hotelini. Lile lililofumuliwa aliliweka juu kabisa. Mbele ya Mama Vyumba hakuzunguka mbuyu.

"Hili nimelikata mwenyewe. Si bahati mbaya. Nilihitaji mpira wake."

Mama Vyumba alilikunjua. Alitazama mshono uliofumuliwa, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilianza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Miaka yote hiyo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Amepita?"

"Amepita."

Alilikunja shuka lile bila haraka, akamrudishia. "Alhamisi nalitaka lina mpira mpya. Na ushone wewe, si mkeo, nataka uteseke kidogo." Kisha akaegemea meza. "Hebu niambie. Huko kwenye meli watu wanafua kwa maji gani? Ya chumvi?"

Kwa miezi miwili Baba alikuwa ameiwaza bahari kama kitu cha kuzamia tu. Njiani kurudi, tulipofika kona ya kwetu, shuka liko kwapani mwake, akaniuliza.

"Msomi. Sabuni kwenye maji ya chumvi inatoa povu?"

"Kidogo sana, Baba. Lakini meli kubwa zina mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Wanapata maji ya kunywa na ya kufulia."

Akasimama katikati ya njia. "Mitambo? Ina injini?"

"Ina injini."

"Na mtu wa kuitengeneza ikikwama?"

"Lazima awepo."

Alianza kutembea tena, haraka kuliko mwanzo, mpaka nikalazimika kukimbia kidogo. Alikuwa na siku tisa tu, na maswali yalikuwa yameanza kumjaa.