Kanisa kwa Upande wa Jikoni

Kila aliyefunga ndoa katika kanisa kubwa la Bunia ana picha ileile. Maarusi wamesimama kwenye ngazi za mbele, mlango uko wazi nyuma yao, na mnara wa kengele umeingia wote mpaka msalaba wa juu. Ukikata msalaba, familia itakurudishia picha yako. Nimeipiga picha hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi, nikisimama pahali pamoja, mguu mmoja ukingoni mwa mfereji, hadi waendesha pikipiki wamezoea kunikwepa bila kupiga honi. Siipendi. Nimeipiga tu kwa sababu ndiyo watu wanayoitaka.

Kitu kisichoonekana katika picha hizo ni jiko. Liko nyuma ya kanisa, nalo ni mafiga tu chini ya paa la mabati lisilo na kuta, na upande mmoja umeegemea ukuta wa kanisa lenyewe. Mama yangu amepika pale tangu sijazaliwa. Kila harusi na kila sikukuu alikuwa huko na wenzake, wakisonga ugali na kupika sombe, majani ya mihogo, katika sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Kuni zao ni za mikaratusi, na zikiwa mbichi moshi wake hauna adabu. Upepo ukigeuka, unazunguka kanisa na kuja kusimama mbele pamoja na maarusi.

Hapo nilikuwa nikienda nyuma kwa hasira, kamera shingoni, na kupaza sauti: "Wamama, punguzeni moto! Moshi inaharibu foto!"

Mama hakuwa hata akigeuka. "Papa," alikuwa akinijibu, maana mama wa kwetu humwita mtoto wake wa kiume papa, "leo watu watakula foto?"

Wenzake walicheka, nami nikarudi mbele.

Kwa miaka kadhaa macho yake yalikuwa yakififia. Alipokwenda hospitali ya Nyankunde kutazamwa, daktari alimwambia mambo mawili: arudi mwanzoni mwa mwaka ujao apasuliwe, na baada ya hapo asikaribie moshi tena maisha yake yote. Alirudi na habari hiyo kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi imepanda. Siku chache baadaye alinikuta nasafisha kamera barazani kwake, akaketi.

"Papa, siku moja nitakufa."

"Mama, usianze."

"Sianzi kitu. Minaomba foto tu, ya matanga."

Kwetu watu wazima wengi hujiandalia picha hiyo mapema. Huwekwa katika fremu, na siku ya mazishi mjukuu huibeba mbele ya jeneza, ili hata anayepita njiani ajue ni nani anayekwenda. Mama alikuwa na kikwembe, yaani kitenge, alichokiweka tayari sandukuni. Kilichobaki kilikuwa picha. Lakini hakutaka ya studio yenye pazia, na ile ya ngazi za mbele aliikataa kabisa.

"Pale mbele minapitaka tu," alisema. "Unipige kule nyuma. Wanione pahali nilitumikaka kazi."

Nikamwambia tutaona. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nimepiga watu wengi picha za namna hiyo bila kuwaza, lakini kumpiga mama yangu niliona ni kama kumpimia kaburi. Nikawa na kazi kila alipouliza. Na kazi nyingine kweli ilikuja: kamati ya kanisa ilitaka kalenda ya mwaka mpya, na safari hii walichoka na ngazi. Mkubwa wa kamati, mzee muuza mabati aliyehamia kwetu kutoka Butembo, aliniambia, "Tafuta angle mupya. Watu waone kanisa yao sawa vile hawajaionaka."

Nilihangaika. Nilipanda juu ya duka lililo mkabala. Nililala chali barabarani mapema asubuhi, nikainuka nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Nilipanda tangi la maji la jirani, na mwenye nyumba akakaa chini akinikumbusha kwamba tangi ni la plastiki. Kila nilipompelekea yule mzee, alitazama, akageuza kichwa upande, akasema, "Hii ni ileile. Umeiinamisha tu."

Iliniuma kwa sababu alisema kweli.

Jumamosi moja nilifika kabla ya maarusi na nikapita nyuma kumsalimu mama. Jua lilikuwa bado chini. Ukuta wa nyuma wa kanisa ni wa mviringo, hauna mlango wala dirisha, na masizi ya miaka yote yameupanda kutoka kwenye mafiga mpaka karibu na paa. Mwanga uliupiga kwa ubavu na kila tofali likajitenga na mwenzake. Mnara ulichungulia juu, mdogo, ukikatwa nusu na moshi. Na chini yake alisimama mama, mwiko mkononi, akiangalia kama maji yamechemka. Kwa mara ya kwanza nililiona kanisa lile kama jengo ambalo mtu alilijenga na watu wanalitumia. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa.

"Mama, tazama huku."

Akatazama upande wa sauti yangu. Nikapiga.

"Hii njo foto yangu?" aliuliza.

"Njo yako. Nitakuchapishia."

Yule mzee wa kamati alipoiona alipiga meza kwa kiganja. Ukuta ulimshika. Hakuwa amejua kanisa lina mgongo mzuri hivyo. Kisha akasogeza uso karibu.

"Lakini hizi sufuria, hapana. Kanisa haiko restora ya kuuza chakula. Tosha moshi, tosha ule weusi ya ukuta. Na ule mama pia, umutoshe."

Alijua ni mama yangu. Amekula chakula chake mara nyingi kuliko mimi. Sidhani alisema kwa ubaya. Kwake kalenda ilikuwa nguo ya Jumapili, na nguo ya Jumapili haina doa. Nami nikajibu, "Sawa, mzee," haraka kama mtu anayeitikia sala.

Kumtosha, yaani kumtoa, kulinichukua chini ya saa moja kwenye kompyuta. Nilichukua vipande vya ukuta safi wa upande na kuvibandika juu ya sufuria, moshi, masizi na mama. Mimi ni fundi mzuri. Huwezi kuona mshono. Nilihifadhi juu ya ileile, nikajiambia kwamba picha kamili bado iko ndani ya kadi ya kamera, nitamchapishia yake baadaye. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi mbili, kadi ikajaa katikati ya ya pili, nikafuta vya zamani bila kutazama. Nilikumbuka usiku, nikiwa kitandani. Sikumwambia mtu.

Kalenda ilitoka, ikapendwa. Ilikuwa kwenye maduka, kwenye duka la dawa, hata mjini Aru niliambiwa imeonekana ofisini kwa mtu. Watu walinisimamisha njiani kuuliza ni kanisa gani hilo, na nikiwaambia wanashika mdomo. Nilitembea kifua mbele. Sehemu moja tu sikupenda kuingia, nayo ni nyumba ya mama.

Aliitundika kalenda sebuleni, mkabala na mlango, akiamini ndiyo picha niliyomwahidi. Nilitegemea macho yake yasione, na kweli hayakuona. Ila sikuwa nimefikiria mbali zaidi. Hakuona kwamba hayumo. Kila mgeni aliyeingia alivutwa mpaka ukutani, na mama akapapasa karatasi mpaka akafika chini ya mnara, akabonyeza kidole.

"Niko hapa. Munaniona? Mutoto wangu njo alinipiga."

Wageni wakatazama ukuta mtupu wa matofali. Wakanitazama mimi. Kisha, kwa heshima yake, wakajibu, "Njo, mama. Tunakuona. Unatokea vizuri."

Mtaa mzima ulidanganya kwa ajili yangu, na hakuna aliyenidai neno. Nilitamani wanitukane. Kidole cha mama kina mafuta ya mawese siku zote, na baada ya wiki chache pale nilipomfuta pakawa na doa la rangi ya udongo, la ukubwa aliokuwa nao pichani.

Walimpasua jicho la kwanza huko Nyankunde mwezi wa Februari. Siku ya kwenda kumchukua nilipita kwanza nyumbani kwake, nikaitoa kalenda kwenye msumari. Nilisimama nayo mkononi. Ningesema imeibiwa, imenyeshewa, imeliwa na panya. Kisha nikaona nitakuwa nimemtoa mara mbili, nikairudisha. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilikuwa nimechoka kuficha.

Aliingia na miwani nyeusi, akaivua taratibu. Alitazama viti, akatazama sakafu, akalalamika kwamba nyumba ni chafu na hakuna aliyemwambia. Kisha akaenda kwenye kalenda. Alisimama karibu sana. Akaona lile doa, akashika pembe ya kikwembe chake, akailowesha kwa mate, akaanza kulifuta, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Alidhani yuko chini yake.

Karatasi ikatoka safi. Akaendelea kufuta.

"Niko wapi?" aliuliza.

"Nilikutosha, mama."

"Ni weye?"

"Ni miye. Walisema kanisa haiko restora."

"Wao walisema vile. Na weye, ulisema nini?"

Nilijibu kwamba nilisema sawa. Nilimwambia na habari ya kadi pia, yote, nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kuketi. Hakupiga kelele. Aliirudisha miwani usoni, akaingia chumbani. Kwa siku tatu hakuniita papa. Alipotaka maji aliniita "fotografe", kama mpiga picha yeyote, na jirani aliyekuwepo akainama kutazama viatu vyake. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Siku ya nne nilimwomba twende nyuma ya kanisa nimpige upya. Alisema moto amekatazwa, na nilijua. Ile picha yenye moshi na mwiko haitarudi tena. Nikamwambia twende Jumanne, siku isiyo na harusi, mafiga yakiwa baridi. Alifikiri, kisha akaenda kufungua sanduku.

Tulikwenda kwa miguu. Alivaa kikwembe cha matanga, kikiwa bado na mikunjo ya sanduku. Nyuma ya kanisa kulikuwa kimya, majivu tu na kuku mmoja akichakura. Mama alisimama akautazama ukuta kwa jicho lake jipya, kutoka chini mpaka juu.

"Yesu," alisema. "Siye njo tuliichafua hivi?"

"Ni nyinyi."

Akacheka, cheko la kwanza tangu siku ile ya kalenda. Akaenda mwenyewe mpaka pale masizi yalipo mazito kabisa, akageuka, akanyoosha nguo. Mgongo wake uligusa ukuta na nikajua kikwembe kimeharibika. Hakujali. Nilitaka kumwambia asogee kidogo kwenye mwanga. Nikaacha. Msalaba wa mnara haukuingia, nikauacha nao nje.

Nilipiga mara moja, kisha nikamletea kamera aone nyuma yake. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, mpaka jicho likapata. Halafu akanyoosha kile kidole, akakibonyeza kwenye kioo.

"Niko hapa," alisema.

Niliinama nikatazama chini ya kidole chake. Alikuwepo.