Ndizi Ndani ya Giaboksi

Pikapu niliyonunua Meru, ya mitumba, ilianza kutoa gia ya tatu kabla hata sijaizoea. Nikiiweka, inaruka yenyewe. Na kabichi zangu shambani Kiirua zilikuwa zimekomaa, zingine zinapasuka. Zisipofika sokoni wiki hiyo, zingekuwa za ng'ombe.

Fundi wa mjini alitaka pesa nyingi, ingawa kwa haki kazi yenyewe ni ngumu. Nikajiambia, si ni nati tu? Nitafungua mwenyewe.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "ile redio ulitengeneza, mpaka leo inaongea Kihabeshi peke yake."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nikaingia chini ya gari nimwage oili ya giaboksi kwanza, halafu niamue. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi, mzito, wenye nyuzinyuzi. Nikanusa. Ndizi! Mtu alikuwa ameponda ndizi mbivu akazitia ndani ili gia zisipige kelele siku ya kuuza. Sisemi ni aliyeniuzia; labda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Nililala pale chini nikisonya. Kama ubovu ulifichwa namna hiyo, mimi na spana zangu mbili tungefika wapi? Nikaenda kumwomba jirani mwenye trekta anibebee kabichi, kisha avute pikapu mpaka kwa fundi.

Fundi alichungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, hii ungepeleka jikoni."

Nilimwachia ufunguo.