Gari Lililopimwa kwa Mbuzi ya Nazi

Nyinyi vijana mnaotaka magari yenu yakaribie kulamba lami, tulieni niwaeleze. Harufu ya mpira unaoungua naijua tangu nikiwa msichana mdogo Bongwe, miaka ya hamsini. Mpaka leo ikinipiga puani, mkono wangu hutafuta buibui la dada yangu nilishike.

Dada yangu Mwanakombo alikuwa anaolewa Galu. Mwenye gari kwetu alikuwa mmoja tu, mjomba wetu Bakari, na gari lenyewe kuukuu, aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao. Lilikaa juu sana. Msimu uliotangulia lilimpeleka binamu yetu kwa mume Galu hukohuko, na wakati wa kushuka maskini alinyoosha mguu akiitafuta ardhi, buibui likapanda, muundi ukaonekana mbele ya wanaume. Wanawake wa Galu wakautungia mguu ule wimbo. Sasa mama mkwe wa dada akatuma neno: safari hii mguu ukionekana, bibi harusi ageuke na gari lake arudi kwao. Dada aliacha kula. Alimpenda yule mwanamume, ingawa siku zile neno hilo msichana hakulitamka.

Basi Bi Mwanamisi, somo yake dada, yaani mwanamke aliyemfunda, akaja uani kwa mjomba na mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka mchangani kando ya mlango wa gari. "Bakari, sakafu isizidi kimo hiki."

"Somo, hili si kitanda nilikate miguu."

"Basi nikamwite seremala?"

Mjomba hakuwa na uwezo wa kununua hata msumari. Springi za gari lile zilikuwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama sahani kabatini. Akaliinua kwa jeki aliyoiweka juu ya ubao isizame mchangani, akaliegemeza juu ya kinu kilichopinduliwa, akaingia chini. Mimi nikimpokeza spana, naye akinitolea vyuma, kimoja baada ya kingine, vimeganda kutu na grisi. Vilivyobaki alivifunga kwa boliti zilezile, na palipolegea akajaza vipande vya ngozi ya kiatu kilichochakaa. Gari likashuka. Somo akapima kwa mbuzi yake, sakafu ikalingana na kikalio sawasawa, akapiga vigelegele. Hakuna aliyewaza kwamba lilipimwa likiwa tupu.

Alasiri ya kumpeleka dada, shangazi zetu wakapakia, kila mmoja na mwili wake wa heshima. Dada alikaa katikati, amefunikwa gubigubi, mimi miguuni pake, somo mlangoni. Tulipoondoka nikasikia kitu kinakwaruza. Kwenye shimo la kwanza bati la juu ya gurudumu liliuma tairi, moshi ukaingia ndani.

"Nini hicho kinachonuka?" akauliza somo.

"Udi," akajibu mjomba, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Tukenda kwa mwendo wa mtu mgonjwa. Kila shimo, moshi. Kila moshi, vidole vya dada vikazidi kunizama begani. Tairi likipasuka itambidi ashuke njiani mbele za watu, na habari itamtangulia Galu. Jua nalo lilikuwa limeshainama. Mjomba akasimamisha gari. "Shangazi, teremkeni."

"Tuteremke? Kwani sisi mizigo?"

"Ndiyo, shangazi. Mizigo."

Wakateremka wakimtukana hadi babu zake. Gari likainuka kidogo, tukaondoka, likakwaruza tena. Macho yakamgeukia somo. Yeye ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote, na kwa desturi somo hambanduki bibi harusi mpaka amkabidhi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ndipo dada, ambaye hakutakiwa kutoa sauti mpaka afike, akasema chini ya buibui: "Somo, shuka. Nakuomba."

Bi Mwanamisi akashuka. Akatembea kando ya gari ameshika mlango, viatu mkononi, mpaka Galu, na bati halikugusa tena tairi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, macho yake kwenye pindo la buibui. Gari, sasa karibu tupu, lilikuwa limerudi kwenye kimo cha mbuzi. Dada akatua mguu kama mtu anayeinuka baada ya kukuna nazi. Haukuonekana hata ukucha. Yule mama akatazama, akatazama, kisha akasogea kando. "Karibu, mwanangu."

Siku hizi bibi harusi anashuka garini watu wakipiga picha viatu vyake, na muundi haumwaibishi mtu. Sawa, dunia imegeuka. Lakini uzito wa watu haujageuka. Juzi mjukuu wangu Salimu, aliyenunua gari la zamani huko Ukunda, alikuja nalo uani pamoja na msumeno wa chuma, eti akate springi kwa bei rahisi. Alikuwa amelipima kwa futi kamba, hakuna mtu ndani. Nikawaita wote wa nyumba hii, nikawaambia: "Salimu, weka msumeno chini. Waiteni shangazi zenu, wote, na mimi nitaingia nao. Tukishakaa, ndipo mpime."