Habaryar wangu alifuta rekodi yake bora kwa sababu nilisema ukweli

Wakuu, assalaam aleikum, na wale wengine habari zenu.

Mimi humu huwa nasoma tu. Sijawahi kuandika hata comment moja. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu na sijayaongezea chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Niko Form Three. Naishi Iftin hapa Garissa na ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Baba anafanya biashara ya mifugo Elwak, huja akipata nafasi.

Mwaka jana habaryar Hodan, mdogo wake mama, alirudi kutoka Nairobi. Anasomea masters ya saikolojia, upande wa ushauri, na alikuja kufanya mazoezi ya kazi hospitalini hapa.

Nilidhani masters ni kusoma vitabu vinene tu. Kumbe wapi!

Huyu mtu alikuwa anakaa barazani na earphones, anasikiliza mazungumzo ya mazoezi aliyojirekodi mwenyewe, anayaandika neno kwa neno. Hata "mm" anaandika. Hata kimya anakiandika, sekunde ngapi.

Halafu anamtumia supervisor wake. Yule mama anarudisha karatasi imejaa wino mwekundu. Hapa mbona ulimkatiza? Hapa ulimhurumia yeye au ulijihurumia wewe?

Ayeeyo alikuwa anamwangalia tu. Siku moja akamwambia, "Yaani umesoma miaka yote hiyo, sasa unajifunza kunyamaza? Si ungekuja kwa huyu akufunze." Huyu ni mimi. Mimi ndiye bubu wa nyumba.

Habaryar alicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa shida ikaja. Ilikuwa imebaki rekodi moja ya mwisho ndiyo amalize na avae joho pamoja na wenzake. Anatafuta mtu wa kujitolea, anampa stori ya kubuni, wanazungumza kama kazini. Ila mtu huyo asiwe ndugu.

Wakuu, hapa kwetu utampata wapi mtu asiye ndugu? Huyu ni binamu. Yule ameolewa na binamu. Wa tatu Ayeeyo alimnyonyesha akiwa mtoto, kwa hivyo naye ni dada. Jirani pekee asiye ndugu ni Madam Mwende, mwalimu kutoka Machakos, na shule zilikuwa zimefungwa, ameenda kwao.

Zikabaki siku mbili. Supervisor akakubali nitumike mimi, kwa sharti moja: nisiseme jambo langu hata kidogo. Stori iwe ya kubuni mwanzo mpaka mwisho.

Habaryar akaniandikia kwenye karatasi. Mimi ni Amina, nimefeli mtihani, naogopa kumwambia baba. Rahisi.

Tukakaa kwenye mkeka baada ya alasiri, simu katikati yetu. Ayeeyo alikuwa ameenda kumpa mtu pole. Nikasema maneno ya Amina yote. Yakaisha upesi sana.

Habaryar akanyamaza.

Mimi najua aina nyingi za kimya. Kuna cha kuchoka na wewe, kuna cha kungoja umalize ili yeye aanze. Kile chake sikuwa nimewahi kukutana nacho. Alikuwa hapo tu, hana haraka na mimi.

Nikasikia sauti yangu inasema ya kwangu.

Asubuhi ile mama alipozidiwa, alinituma nimwite jirani mwenye gari. Nilifika kwenye geti nikasikia sauti za wanaume ndani. Niliona aibu kugonga. Nikasimama. Nilisimama mpaka mtu akatoka kwa shughuli zake akaniona. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mama alifariki hospitalini siku ya tatu.

Hilo lilikuwa kwenye daftari tu. Hakuna mtu alikuwa analijua.

Habaryar hakuniambia ni qadar ya Mungu, hakuniambia nisilie. Aliuliza kitu kimoja.

"Ulisimama hapo nje peke yako?"

Nikasema ndiyo. Nikalia vile sikulia hata matangani.

Kisha akachukua simu akazima rekodi. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mama yangu ni dada yake.

Akasema, "Abaayo, binti yangu, sasa hivi sijui kama nakusikiliza wewe au namlilia dada yangu. Siwezi kuwa mshauri wako. Mimi ni habaryar wako."

Akaifuta mbele ya macho yangu. Nilimwomba aiache, nikamwambia hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Akasema najua.

Akanivuta kwake, tukalia wote wawili.

Supervisor aliambiwa ukweli, lakini muda haukuongezwa. Wenzake walivaa majoho bila yeye. Ayeeyo alinung'unika wiki nzima, kwa sababu jamaa wa Wajir walikuwa wameshaalikwa. Alimwita mvivu. Habaryar angeweza kusema sababu ni mimi. Hakusema. Alimmiminia Ayeeyo chai tu.

Madam Mwende aliporudi, rekodi ikafanywa upya. Alipita. Joho lake ni mwaka huu, inshallah.

Na mimi alinitafutia mshauri mwingine, mama mmoja ambaye hatuna undugu naye hata wa mbali. Alimuuliza ukoo kwanza!

Siku hiyo alinisindikiza mpaka mwanzo wa korido, akakaa kwenye benchi. Akasema, "Kutoka hapa ni wewe."

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama. Miguu ikawa ile ile ya kwenye geti. Nikageuka nimwangalie habaryar, nikamkuta ameinamia simu yake, na najua haikuwa na chaji.

Nikagonga.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kusikiliza ni kazi, watu wanaisomea kwa jasho, na sehemu ngumu ya masomo yenyewe ni kujua nani si wako kumtibu. Nikimaliza Form Four nataka hiyo hiyo.

Kama kuna anayeisomea humu, aniambie ukweli wake. Na kama kuna aliyesimama nje ya mlango wowote, aandike hapa chini. Nitasoma zote. Kujibu nitachelewa kidogo, mnivumilie.