Msasa na Pezi la Meli

Baba mkwe wangu alinichukia tangu siku ya posa, na mimi sikuchelewa kumrudishia. Yeye alikuwa fundi wa meli za mfano, mimi ni mtu wa kompyuta, na kwa bahati mbaya tuliajiriwa jengo moja. Katikati kulikuwa na bwawa la majaribio, upande huu karakana yake ya mbao, upande ule ofisi yangu ya vioo. Kila nikiinua macho, namwona. Naye akiniona anatema mate kwenye takataka za randa.

Kazini walimwita Msasa. Alikuwa mfupi, mkavu, kucha zimelika kwa kusugua. Kabla ya hapo alikuwa amejenga meli kubwa chelezoni, pale meli zinapopandishwa nchi kavu, kwa miaka ishirini na miwili. Hakuweza kushika kipande cha mbao asikisugue. Hata meza ya chakula nyumbani kwake haikuwa na pembe, alikuwa amezila zote kwa msasa. Mke wangu, bintiye, alisema utotoni hakuwahi kujigonga popote.

Kazi yetu ilikuwa kuwaambia wenye meli, kabla haijajengwa, kama itatii usukani au itawatia aibu. Mimi nilichukua mchoro, kompyuta ikakokotoa maji yatakavyopita ubavuni na nyuma, ikanitolea picha za rangi. Yeye aliichonga meli ile ile kwa mbao, mita moja ya meli kwa sentimita nne, tukaitia mota na usukani na kuiachia bwawani. Kwa sababu ya zile rangi aliniita Bwana Picha, mbele za watu, mbele ya mke wangu, mezani.

Ikaja meli moja ya abiria, ya kuingia bandari yenye mlango mwembamba. Swali lilikuwa dogo: ikishaanza kupinda kulia, nahodha akageuza usukani kushoto, itaacha kupinda upesi kiasi gani? Kompyuta yangu ikasema itapitiliza nyuzi nane, kisha itatii. Meli ya Msasa ikapitiliza nyuzi ishirini na moja. Tukarudia. Ishirini na moja. Ukipitiliza hivyo kwenye mlango ule, unabusu ukuta.

Mkurugenzi akatuita wote wawili.

"Mmoja wenu kakosea," alisema. "Nitakayemkuta na kosa, ataondoka hapa."

"Aanze kufungasha basi," Msasa akasema, akininyooshea kidole.

"Kibaya chajitembeza, baba," nikamjibu. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalinichemka.

Tulirudia majaribio siku nne. Kila baada ya safari moja lazima maji yatulie dakika ishirini, maana wimbi dogo tu linaharibu kipimo. Kwa hiyo tulikaa ukingoni mwa bwawa, yeye benchi lile, mimi benchi hili, dakika ishirini mara nane kwa siku, bila hata chafya ya kuombeana afya. Nilizihesabu baadaye. Ni zaidi ya saa kumi za kununiana.

Siku ya tano nikaingia karakana yake akiwa amekwenda kula, nikaipima meli ya mbao kila mahali. Nikalipata kosa. Chini nyuma, mbele ya usukani, kuna pezi, ubao uliosimama wa kuituliza meli isiyumbe. Kwenye mchoro ukingo wa pezi lile ni mkali kama wa kisu. Wa Msasa ulikuwa wa duara, laini, umepigwa msasa mpaka unateleza. Ukingo mkali huyazuia maji, duara huyaachia yapite, na meli inaendelea kupinda. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Sikumwita pembeni. Nilipiga picha, nikaikuza mpaka ikajaa ukuta wa chumba cha mikutano, nikawaita wote, mpaka mfagiaji.

"Mzee wetu kashindwa kujizuia," nikasema. "Kala ukingo kama alivyokula meza yake."

Watu waliangua kicheko. Msasa aliitazama picha, akanitazama mimi, mdomo ukafunguka, ukafungika. Mimi mwenyewe nikapaka puti, ule udongo wa kuzibia mbao, kwenye pezi, nikauchonga ukingo uwe mkali, meli ikaachiwa: nyuzi tisa. Jioni ile ile alikabidhi ufunguo wa karakana, akaacha kazi. Nilifurahi, sitadanganya. Mke wangu alihama chumba, nami nikadhani yatapita.

Miaka miwili baadaye meli ilikamilika. Siku ya kujaribiwa, ikiwa na mabaharia tu, ilianza kupinda mlangoni mwa bandari, nahodha akageuza usukani, nayo haikusikia. Ikapiga ukuta. Baharia mmoja akavunjika bega. Abiria mia nne walikuwa wapande wiki iliyofuata.

Ilipopandishwa chelezoni niliingia chini yake, nikapeleka mkono kwenye pezi. Duara. Msimamizi wa chelezo alinishangaa.

"Siku zote tunafunga ukingo ule kwa chuma cha duara," alisema. "Ukiuacha mkali unapasuka, na rangi haishiki. Fundi yeyote wa chelezo anajua."

Fundi yeyote wa chelezo. Na Msasa alikuwa fundi wa chelezo miaka ishirini na miwili.

Nilikwenda kwa baba mkwe siku hiyo hiyo. Mke wangu alikuwepo. Nilieleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia kaa.

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Benchi lile pale, siku nne. Uliniuliza?"

"Hapana, baba. Lakini wewe ulijua meli itajengwa hivyo!"

"Ulinitundika ukutani watu wanicheke. Nikasema acha, aendeshe meli kwa picha zake."

Mke wangu akasimama. "Watu mia nne," alisema. "Mngewazamisha watu mia nne kwa kununiana. Wewe na kiburi chako, baba, na wewe na kicheko chako. Msinisemeshe, wote wawili."

Akatoka. Mzee alibaki akiisugua meza kwa kidole gumba, pale ambapo pembe ingekuwa.

Asubuhi alikuja bwawani, mara ya kwanza tangu aache kazi, hakunisalimu. Meli ya mbao ilikuwa bado iko juu ya rafu, ina vumbi, ijapokuwa niliandika barua itupwe. Tuliishusha mimi na yeye. Akachukua patasi, akaipitisha mara moja kwenye pezi, na puti yangu ikatoka nzima, ikaanguka sakafuni. Ukingo wake wa duara ulikuwa mle ndani, haujakwaruzika.

Tukaiachia meli. Ishirini na moja.

"Andika," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi lake kungoja maji yatulie.

Nami nikaenda kukaa kwenye langu. Dakika ishirini. Nilikuwa na maswali mia, nikaanza na moja.

"Baba," nikasema, "na usukani? Usukani nao wanaufungaje?"

Hakugeuka.

"Miaka miwili ndipo unauliza," akasema. "Sogea huku, sitapiga kelele."